Kibao Kilichopanda Newala

Shuleni kwetu, upande wa Masasi, tuna kibao. Nieleze taratibu, maana asiyewahi kusoma huku anaweza kudhani natania. Ni kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza maneno ya kumjulisha kila apitaye kwamba aliyekivaa ni mvivu. Mwanafunzi akisikika anasema lugha yoyote isiyo Kiingereza, anavikwa. Atakaa nacho mpaka amnase mwenzake naye amvike. Ni elimu ya hali ya juu: watoto wetu wamekuwa hodari wa kusikiliza, hasa nyuma ya vyoo. Walimu tumesamehewa. Inaaminika lugha zetu zimeshatuharibu kiasi cha kutosha.

Mwaka jana mkuu wa shule alipata habari ya mashindano ya historia huko Mtwara. Mada aliichagua mwenyewe: shule za bweni za misheni za zamani, na jinsi watoto wa huku walivyokatazwa kusema lugha za kwao.

"Ukatili mkubwa ule, Mwalimu," aliniambia, akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Kisha akatoa masharti. Utafiti wote ufanywe kwa Kiingereza. Yeye ndiye atakayekuwa mkuu wa msafara. Na yeyote atakayekutwa na kibao kwenye paredi ya Ijumaa haendi Mtwara.

Nilipewa wanafunzi wawili wa kidato cha tatu. Mmoja binti, Mmakonde wa Newala, aliyeandika karibu kazi yote na aliyekuwa anaihesabia siku safari ya Mtwara kama wengine wanavyoihesabia sikukuu. Wa pili kijana wa Masasi mjini, mwenye sauti ya kusoma mbele ya watu. Alhamisi kijana akakanyaga siafu, akapiga kelele, "Mama yangu wee!" Siafu hawakuadhibiwa. Yeye alivikwa.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, tulipopanda Newala kwa bodaboda mbili, kibao kilikuwa ndani ya shati lake, na alikuwa na muda hadi alasiri kumpata wa kumrithisha. Mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu. Binti alilijua hilo, akafunga mdomo tangu getini.

"Mwalimu," dereva wangu aliniuliza, "watoto wako wana msiba?"

"Wanafanya utafiti," nikamjibu.

Bibi tuliyemfuata aliishi pembeni mwa mji, pale uwanda unapokatika na bonde la Ruvuma kuanza. Utotoni alikaa bweni la misheni. Tulimkuta kwenye mkeka, anachambua korosho. Nilimwamkia. Wanafunzi wangu wakapiga magoti kimya, kama bubu wawili wenye adabu.

"Wajukuu hawa hawana ndimi?"

"Wanazo, bibi. Zimefungiwa shuleni."

Tukaanza. Wao waliuliza kwa Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kiswahili, bibi akajibu, mimi nikarudisha. Naamini hata mkutano wa marais haungekuwa mzito vile. Alitueleza kuhusu kengele, uji, kunyolewa nywele. Kimakonde kilikuwa marufuku. Kiswahili ndicho kilichotakiwa. Naam, Kiswahili hikihiki ambacho leo kinamvisha mtoto kibao. Kila zama na mshitakiwa wake.

Akafika kwenye habari za mdogo wake, aliyepelekwa bwenini naye. Hapo Kiswahili kikamponyoka. Aliendelea kwa Kimakonde, macho kwenye korosho, na mimi, Myao niliyejifunza cha sokoni, nililinasa neno moja tu likijirudia: medi. Maji.

Akamtazama binti.

"Wewe ni wa kwetu, nakuona usoni. Mbona humjibu bibi yako?"

Binti alimtazama kijana. Kijana alitazama paa. Kisha binti akajibu kwa Kimakonde, polepole, na bibi akamshika mkono. Walizungumza kwa muda mrefu. Walipomaliza, binti alinigeukia akasema kwa Kiswahili, kwani sasa yote yalikuwa mamoja: "Mdogo wake aliomba maji kwa Kimakonde. Wakasema hawamsikii mpaka aseme vizuri. Hakujua kusema vizuri. Alishinda na kiu mchana kutwa, akaugua. Bibi akambeba mgongoni wakatoroka."

Kijana alikuwa ameshatoa kibao. Nilimwona anasitasita, na namshukuru kwa hilo.

"Samahani, dada. Sheria." Akamvika.

"Ni kitu gani hicho?" bibi akauliza.

Kueleza ndiyo kazi yangu, nikaeleza vizuri: anayevikwa, anayevua, anayekosa safari. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sentensi ndefu ya Kimakonde, akanyoosha mkono, akamvua binti kibao akakivaa mwenyewe.

"Aliyesema mwisho ni nani? Si mimi?"

"Lakini bibi," kijana akasema kwa Kiswahili safi, bila kujijua, "wewe si mwanafunzi."

"Nilitoroka, mjukuu wangu. Hakuna aliyeniambia nimemaliza." Akamtazama. "Na wewe nimekusikia. Ila sikupi wewe. Namngoja mkubwa wako."

Kwenye paredi, kibao hakikuwapo shingoni mwa mtu. Mkuu wa shule akatangaza kwamba hakuna atakayekwenda Mtwara mpaka kirudi, kwani ni mali ya shule. Binti alisimama mstarini akiuma midomo. Nilimwambia asichoke, sheria ikifuatwa sawasawa, wakati mwingine humfikia mwenyewe.

Nilimweleza mkuu kiliko, na Jumamosi alipanda Newala pamoja nasi watatu, amevaa suti. Njiani alitufundisha kwamba nidhamu haina umri. Bibi alikuwa palepale kwenye mkeka, kibao kifuani. Mkuu ni mtoto wa watu, amelelewa. Alivua kofia, akainama mpaka suti ikalia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," bibi akasema, na kwa kuwa shingo ilikuwa imeshainama vizuri, akamvika.

Hakuna aliyecheka. Mkuu alibaki ameinama kidogo, anasoma maandishi yake mwenyewe juu chini. Kijana ndiye aliyekohoa, akasema kwa Kiingereza kisicho na doa kwamba, kwa mujibu wa masharti, mwenye kibao haendi.

Mtwara tulikwenda watatu. Ukumbini binti alianza kwa kuwaamkia wazee waliokaa mbele: "Shikamooni."