Mwavuli wa Wenye Tabasamu

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, fundi redio hukipuliza vumbi chombo chake na kukiuliza, "Umelalaje, mwanangu?" Dada yake, mshonaji anayetumia naye chumba kimoja cha kazi, huuma uzi asije akacheka. Chombo chenyewe ni magurudumu ya kigari cha mtoto, mwavuli uliopakwa rangi za kasuku na simu kuukuu inayosoma nyuso. Ukitabasamu, mwavuli unafunguka na chombo kinakufuata kukupa kivuli. Vidole vya fundi, vyeusi kwa masizi, hukipapasa kama shavu la kichanga.

Asubuhi moja mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, kanuna. "Hicho kidude kitoke leo! La sivyo, mtoke nyie wawili."

Cherehani ikanyamaza. Dada angeenda wapi na wateja wake?

"Mama, tabasamu kidogo tu uone kazi yake," fundi akabembeleza.

"Meno yangu si maonyesho!"

Basi fundi akakitabasamia mwenyewe. Mwavuli ukafyatuka, ukairusha kofia yake hadi dirishani. Mama akaangua kicheko, na kidude kikamgeukia. Akarudi nyuma akicheka, kikamfuata. Akatimua mbio, mabega yakimtikisika; nacho nyuma yake. Fundi akachomoka, bisibisi sikioni: "Nuna, mama! Ukinuna kitasimama!"

"Siwezi!"

Dada akaifunika chai ya kaka yake kwa kisahani. Hadi jioni chai ilikuwa pale pale, imefanya utando.

"Kaka yako yuko wapi?" mteja akauliza.

"Sijui. Ila kidude kimetoka, kama mama alivyotaka."