Neno Moja kwa Ng'ombe Wote

Kila ninapopita karibu na ng'ombe waliotoka kunyunyiziwa dawa ya kupe, harufu ile kali inanipanda puani, na mara moja nina miaka kumi na mmoja, nimesimama kwenye uzio wa miti nje kidogo ya Bunia, kamusi mkononi. Niwaambie ukweli mapema: sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto mwenye kamusi, na hilo wakati mwingine linazidi ubaya.

Ilikuwa kamusi ndogo ya mfukoni, Kifaransa na Kiingereza, niliyoletewa na kaka yangu aliyesoma ng'ambo ya ziwa, Uganda. Shuleni kwetu, mtaa wa Saio, Kiingereza kilingoja mpaka sekondari, lakini mimi sikuweza kungoja. Nilitembea nayo mpaka chooni. Jirani akipita na kuku, nilimtafuta kuku. Mvua ikinyesha, niliitafuta mvua. Tantine Furaha, dada ya baba aliyenilea, hakuchoka na maswali yangu. Alisema anayeuliza hapotei njia, kisha akanituma nichote maji.

Kitu kilichonishangaza zaidi kwa Tantine ni rangi za ng'ombe. Mimi mtoto wa mjini niliona wekundu-wekundu tu, basi. Yeye, katika lugha ya mama yake, alikuwa na bihogo, ambaye wekundu wake unaelekea weusi, na gaju, ambaye ni wa kupauka kidogo, na wengine wengi niliowachanganya kila mara. Niliona ajabu, maana kamusi yangu wote hao iliwapa neno moja: brown. Nikakata shauri kwamba Waingereza ni watu wa kubana matumizi.

Ng'ombe wa Tantine alikuwa mmoja, bihogo, aliyeachiwa na marehemu mama yake. Katika vitu vyote vya nyumba ya mama huyo, huyo peke yake ndiye aliyebaki. Alilishwa milimani pamoja na ng'ombe wa ndugu. Mwaka ule wachungaji waliwashusha wote kwa kuogopa wezi, na mifugo ya familia nyingi ikachanganyika katika uzio mmoja. Akaja daktari wa mifugo kuwachanja, mgeni mwenye kusema Kiingereza, Kifaransa chake cha kubabaisha. Hakuruhusu mtu kuingia uzioni mpaka sindano ziishe. Kila mwenye ng'ombe alitakiwa kueleza pale mlangoni ng'ombe wake yukoje, daktari aandike karatasi, na siku ya kuwachukua uje nayo. Mkalimani wake siku hiyo alikuwa kitandani na malaria. Watu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

Jamani, nilivimba! Wazee walioninyima hata nafasi ya kukaa sasa walipanga mstari mbele yangu.

Zamu ya Tantine ilipofika, aliongea polepole, macho yameelekea uzioni. Alisema ng'ombe wake ni bihogo wa rangi ya udongo uliolowa mvua. Kwamba mgongoni ana mstari mweusi, mwembamba, unaoanzia shingoni. Kwamba tumboni anapauka kama mti uliobanduliwa gome. Nilifungua kamusi, nikatafuta bihogo kwa njia ya Kifaransa, nikasema: brown. Daktari alingoja. Tantine aliendelea, nami nikasema tena: brown. Daktari akaniuliza kama ni hilo tu, maana mama ameongea mengi. Nikajibu ndiyo, bila kupepesa macho. Kusema sijui mbele ya mstari ule wa watu? Wapi! Nilikuwa nimeshawafanyia hivyo hivyo watu sita waliotangulia.

Siku ya kuwachukua tulifika saa mbili asubuhi. Bihogo hakuwepo. Mlinzi alisema ametoka alfajiri, na karatasi ilikuwa sawa kabisa. Mama mmoja mzee, mmoja wa wale sita, mgonjwa wa miguu, alikuwa amempa mkwe wake ng'ombe wa sherehe ya ubatizo, akamtuma aje kumchukua mwenyewe. Mkwe huyo ni mchimbaji wa dhahabu. Anajua mchanga unaong'aa, ng'ombe hajui hata kidogo. Alisoma karatasi: jike, brown, pembe ndefu. Akamchukua wa kwanza aliyefanana na maneno hayo, akaenda naye machimboni. Tantine alikaa chini kwenye majani, na mimi nilijua karatasi ile imetoka kinywani mwa nani.

Nilikimbia mpaka mtaa wa Lumumba, kwa mwalimu mmoja wa Kiingereza mwenye kamusi nene. Niliamini kuna neno nililolikosa, na nikilipata ng'ombe atarudi. Tulikuta mengi ya rangi hiyo: chestnut, hazel, tan, russet. Hata katika hofu ile, aibu kusema, nilifurahi. Chestnut ni tunda, hazel nayo ni tunda, na hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona; mwalimu alikisia kwamba yanafanana na mbegu za mbono. Niliyaandika yote kwenye kaye, daftari langu la shule, nikampelekea daktari, nikamsomea nikihema. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole yule mama alisema nini hasa siku ile. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu: udongo, mvua, mstari mweusi, mti bila gome. Maneno yote hayo nilikuwa nayo. Mvua nilikuwa nimeijua tangu wiki ya kwanza.

Daktari alitutolea dereva wa pikipiki. Tulifika machimboni kesho yake mchana, na sherehe ilikuwa imekwisha. Ngozi ilikuwa imetandazwa chini, imevutwa kwa vigingi, manyoya juu. Tantine aliinama akapitisha kidole kwenye mstari mweusi tangu shingoni, taratibu, mpaka ulipoishia. Mchimbaji alisimama pembeni na karatasi yake, akirudia kwamba imeandikwa hivi, mama, imeandikwa hivi, na hakuwa mwongo. Mama mkwe wake, alipopata habari, aliagiza Tantine apewe gaju wake aliyebaki uzioni, ng'ombe kwa ng'ombe, na akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Tukiwa njiani na yule gaju nilishindwa kunyamaza. Nililia, nikamwambia Tantine kwamba ni mimi, kwamba sikusema maneno yake. Hakusimama.

"Nilikusikia," alisema. "Miye niliongea maneno mingi, weye ukasema moja. Niliwaza, labda Kiingereza iko kifupi."

Siku ile niliona amenisamehe, nikapangusa machozi, nikaanza kumuuliza kama gaju huyu ana jina. Leo kazi yangu ni kutafsiri, katika ofisi za watu wenye haraka, na imenichukua miaka kuisikia sentensi ile vizuri. Tantine alikuwa na masikio. Alihesabu maneno yake yakiingia na moja likitoka, akaona kasoro, na kati ya kunishuku mimi na kuishuku lugha nzima ya watu wengine, aliishuku lugha. Alikuwa ameweka kinywani mwangu kitu cha mwisho alichoachiwa na mama yake. Nami nilikuwa na mvua, nilikuwa na udongo, na sikumpa.