Kunguni wa Kobe

Mimi najua kuendesha gari. Nalisema mapema kwa sababu ukoo mzima ulishakaa ukaamua kwamba sijui, na hukumu ikapita bila mimi kuulizwa. Gari likiyumba, anayeangaliwa ni aliyeshika usukani. Hakuna anayemwangalia seremala aliyepanga makabati, wala anayejisumbua kuinama achungulie chini. Haya, nisikilizeni basi.

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hawezi kupita penye kitu bila kutaka kujua kinafanyaje kazi. Ukimpa saa mbovu anaifungua. Ukimpa nzima anaifungua pia. Siku moja nilimkuta amefumua kitasa cha mlango wa choo, mlango umefungwa, na mumewe yumo ndani. "Subiri kidogo, baba watoto," alikuwa anamwambia, "nataka kuona huu ulimi unarudije." Ukimlalamikia atakujibu kuuliza si ujinga. Sawa, lakini mwenzio yuko chooni!

Alipochoka kushonea nyumbani alinunua mnadani gari kuukuu lililokuwa linasambaza mikate. Seremala akamtengenezea ndani kitanda, makabati, meza ya cherehani na sinki, na chini ya kitanda akaweka tangi la maji. Shangazi akawa anazunguka miji na miji akishona sare za shule, akilala humo humo. Tukaliita Kobe, maana linatembea na nyumba yake. Dereva wa Kobe ndiye mimi.

Sasa, Bibi, mama yake Shangazi, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo hawezi kukaa kwenye kiti kwa muda mrefu, lazima alale. Na huko mbali, safari ya kutwa nzima, ana mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki. Zamani walipigiana simu kila asubuhi wakagombana vizuri tu. Kisha masikio ya yule mdogo yakaziba. Bibi anapaza sauti hadi majirani wanasikia, na kule mwenzake anauliza, "Nani? Nani?" mpaka wote wanachoka. Mwisho Bibi akaacha kupiga. Akawa analala na simu kifuani, haibonyezi.

"Kobe ana kitanda," Shangazi akasema. "Tunampeleka."

Tulimpakia. Loo! Hatukutoka hata nje ya mji. Kona ya kwanza vikombe vikagongana kabatini. Lori likatupita, upepo wake ukamsukuma Kobe kando, nikamrudisha, naye akarudi kupita kiasi. Kwenye mzunguko wa barabara Bibi alishika pazia likang'oka na fimbo yake. Akatapika. Nikasimamisha gari nikaenda nyuma, nikamkuta ananikodolea macho.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania tangu nizaliwe, "umenioa ili uniue?"

Tukageuza. Nyumbani akatoa neno la mwisho: "Nitapanda mara moja tena, basi. Akinirusha tena, huyo mdogo wangu tutaonana ahera." Na Bibi akisema neno halirudi.

Ndipo tukaenda kwa Fundi Pole. Anaitwa hivyo kwa kuwa kila bolti akiilegeza huiambia pole. Karakana yake ni banda la mabati, sakafu nyeusi ya oili, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa. Akamzunguka Kobe, akauliza, "Anafanya nini?"

"Anayumba," nikasema.

"Ananesa," akasema Shangazi.

"Tusikilizane, jamani. Kunesa ni juu na chini. Kuyumba ni huku na huku. Kila ugonjwa na dawa yake." Akachukua funguo akaenda barabarani peke yake. Aliporudi alikuwa anajifuta jasho. "Vyote viwili," akasema, halafu akanigeukia. "Pole, ndugu yangu. Si wewe."

Nilitaka kumkumbatia. "Shangazi, umesikia?"

"Nimesikia. Fundi, hebu eleza."

Akaibonyeza pembe ya mbele kwa uzito wake wote, akaiachia. Kobe akapanda, akashuka, akapanda tena. "Gari zima hupanda mara moja likatulia. Hili linaitikia kama limesalimiwa na watu watatu. Shokomzoba, zile za kuzuia kunesa, zimekufa." Akaingia chini ya gari, na Shangazi, na gauni lake la kutokea, akaingia naye. Nikabaki nasikia sauti tu. "Fundi, hiki chuma cha kukingama ni cha nini?" "Kinazuia bodi isilale kwenye kona, fundi." "Na hii mipira?" "Ndiyo inayokishika. Imeoza, ona." Wote wawili mafundi, wanaitana fundi, hujui nani anamfundisha nani.

Makosa yetu mengine yakajitokeza. Shangazi alikuwa amepunguza upepo wa matairi akidhani Bibi atalala laini. Kumbe tairi legelege ndilo linalofanya gari zito lipepesuke. Seremala naye alipanga makabati yote upande wa kulia, na majora ya vitambaa yakakaa juu kabisa. Fundi Pole akabadilisha shokomzoba na mipira, akajaza upepo, akatushushia majora sakafuni na kuhamishia cherehani kushoto. Akatupatia na miguu minne ya chuma ya kukita chini ya pembe gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu hata likisimama, mtu akijigeuza kitandani lote linatikisika. Shangazi akanifanyisha mazoezi kama askari. "Kobe akisimama, miguu kwanza, mengine baadaye!"

Nikamjaribu barabarani. Kobe kanyooka! Malori yanapita, yeye na njia yake. Mimi nilikuwa tayari kuondoka kesho yake, lakini Shangazi akakaa kitandani kwa mama yake.

"Mama, siku ile alikuwa anakufanyaje hasa?"

"Aa, leo ndiyo mnaniuliza? Mlibishana wenyewe, anayumba, ananesa. Mimi nasema kuna kitu kinachelewa."

"Kinachelewa vipi?"

"Mume wangu akikata kona, nakata naye. Nikidhani tumemaliza, kuna kingine kinakuja nyuma, kinakata kona yake peke yake, kinanisukuma. Akifunga breki tunasimama, chenyewe kinasimama baadaye. Kama mgeni aliyekuja na wenzake, wenzake wameshaketi, yeye bado yuko mlangoni anavua viatu."

Nikacheka. "Bibi, sasa Kobe ana jini?"

"Cheka tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Shangazi hakucheka. Aliinuka, akatoka, akapanda Kobe, akalala pale pale alipolala mama yake, kichwa kule kule, mto katikati ya magoti vile vile. "Endesha," akaniambia. Nikaendesha hadi kwenye mzunguko, nikauzunguka, nikauzunguka tena, askari wa barabarani akaanza kunitazama.

"Simama!" Shangazi akapiga kelele.

Nikaegesha pembeni. "Nini?"

"Nyamaza. Sikiliza."

Nikanyamaza. Injini imezimwa, Kobe ametulia. Na chini ya kitanda, polepole, kitu kikaenda upande ule, pwaa, kikarudi upande huu, pwaa. Tangi la maji! Shangazi hulijaza nusu siku zote, ati gari lisiwe zito. Kwa hiyo maji yalikuwa na nafasi ya kukimbia, na yalikuwa yanakimbilia mgongoni kwa Bibi.

"Wahenga walituambia debe tupu haliachi kuvuma," Shangazi akasema akiwa bado amelala, macho yanamng'aa. "Nusu debe mbona hawakutuambia?"

Tukampigia Fundi Pole. "Poleni," akasema. "Hilo limenipita. Tangi ama lijae pomoni ama likauke. Nusu ndiyo inayocheza." Tukalikausha, maji ya njiani tukayaweka kwenye madumu, tukayafunga kamba sakafuni.

Bibi akapandishwa. Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama aliyewahi kumdanganya. Niliukaribia ule mzunguko mgongo umelowa jasho. Nikaingia, nikatoka. Kimya.

"Mume wangu."

"Naam, Bibi."

"Yule mgeni mbona hajaja?"

"Hatukumwalika, Bibi."

"Afadhali." Tulipofika barabara kuu alikuwa anakoroma.

Jioni tukaingia kwenye ua wa mdogo wake. Mwanamke mwembamba kama kijiti, ana mkongojo, ameketi mlangoni ametugeuzia mgongo, hakusikia injini. Mtu akamgusa bega, akageuka. Ngazi za Kobe ni ndefu, Bibi asingeweza kushuka, kwa hiyo tukafungua mlango wa nyuma, tukamnyanyua yule mdogo tukampandisha. Akasimama mbele ya kitanda.

Hakuuliza nani. Aliweka mkongojo chini, akapanda kitandani, akalala ubavuni kwa dada yake. Shangazi akashuka, akafunga mlango.

Miguu kwanza, mengine baadaye: nilikwenda kuchukua vile vyuma, nikainama kwenye pembe ya nyuma. Kobe akaanza kutikisika. Kidogo kidogo kwanza, kisha kwa nguvu, hadi vikombe vikalia kabatini.

"Acha," akasema Shangazi.

"Lakini anatikisika."

"Naona."

"Wanacheka au wanalia?"

Mwanamke huyu aliyefumua kitasa mumewe akiwa ndani alikuwa ameshika mpini wa mlango. Akauangalia mkono wake, akauondoa.

"Sijui," akasema. "Weka chini hivyo vyuma."