Punje ya Sita Ilikuwa Wifi Yangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini. Mimi sikai. Tangu juzi kila nikikaa nanyanyuka, nafagia uwanja niliokwisha kuufagia. Nilikosa! Wala si kwa kutojua. Nilikosa kwa ujanja.

Miaka ile ya Ujamaa mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, huku milimani juu ya Same. Ziliitwa kumi, zetu zilikuwa kumi na moja. Tukasikia karani anakuja kuandika pato la kila kaya. Pato! Watu wakasema mwenye vingi ataambiwa avipeleke kwenye mali ya kijiji.

Sasa, sisi Wapare mali hatuiweki mlangoni. Mbuzi wetu tuliwawekesha kwa watu wa tambarare, kule Makanya. Wao wakamue, sisi tuhesabu wana. Nikapita nyumba hadi nyumba: "Mwenye magunia manne ya mahindi aseme moja. Mbuzi wa tambarare asitajwe!"

Aliyenigomea ni mmoja, Namsifu, dada wa mume wangu, aliyeolewa jirani hapo.

"Wifi, Jumapili nimekula chakula cha Bwana. Leo nidanganye?"

"Chakula cha Bwana hakishibishi watoto watano. Sema kama wenzio!"

Akasema. Kwa ajili yangu mimi.

Karani alikuwa mtu mstaarabu. Alipomaliza kuandika aliomba ungo, akapanga punje kumi na moja za mahindi kwa mstari, punje moja nyumba moja, yenye kidogo huku, yenye vingi kule. Akaweka kidole kwenye punje ya sita.

"Mama balozi, sitafuti tajiri wala fukara. Namtafuta huyu wa katikati. Nikirudi miaka ijayo, yeye ndiye atakayenionyesha kijiji kimepanda au kimeshuka."

Punje ya sita ilikuwa Namsifu. Gunia moja, akaandika, na ghalani mwake yalikuwamo manne. Alipoondoka tulicheka mpaka kanga zikatufunguka.

Mvua ikaja ikagoma misimu miwili. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, likawa tope linalopasuka. Mbuzi wa tambarare wakafa, tukaletewa ngozi. Karani akarudi. Safari hii hakuna aliyemdanganya, maana cha kuficha hakikuwapo. Akapanga punje zake. Ya sita, Namsifu tena. Gunia moja, na lilikuwa kweli tupu.

Akafungua daftari la zamani, akalinganisha, akatabasamu.

"Hongereni, mama balozi! Vijiji vyote nilivyopita vimeporomoka. Ninyi nyumba ya katikati iko palepale. Basi chakula cha msaada kianze kwa walioanguka."

Hapo ndipo lilipo kosa langu lenyewe! Namsifu alinitazama. Alinisubiri mimi niseme. Ningesema tu, "Karani, mwaka ule tulikudanganya." Nikamwangalia mume wangu, kasimama na beji ya chama kifuani, nikaiogopa aibu.

Nikasema, "Karibu tena, karani."

Karibu tena! Mdomo huu huu!

Lori la mahindi tuliliona kutoka ukingoni, liko chini barabarani, linapita na vumbi lake kwenda kwa wengine. Mume wa Namsifu akaichukua familia yake kwenda kukata mkonge. Mtoto wao wa mwisho, Elia, ndiye aliyezoea kuja jikoni kwangu kudokoa makande. Alifika kule amekwisha nguvu, surua ikamkuta. Amezikwa hukohuko kwenye mkonge, mbali na makaburi ya kwao.

Namsifu alirudi, na yu hai hadi leo. Tukipeana mikono baada ya ibada, mkono wake unanipita. Nilimwendea mara moja kumwomba radhi. Alikuwa anapeta maharage, hata hakusimamisha ungo.

"Wifi, usiniambie mimi. Mimi najua. Mwambie karani."

Karani nitampata wapi? Miaka yote hii!

Juzi akaja binti mmoja na simu yake kubwa. "Shikamoo bibi. Tunaandika kipato cha kaya." Kabla sijaitika marahaba, mkwe wangu akaninong'oneza kwa nyuma: "Mama, ng'ombe wa Makanya usiwataje. Watatukata kwenye msaada."

Nikaona ungo wa karani na punje zake!

Vijana, mnachokificha leo ndicho mtakachokikosa kesho mkitaka kupima njaa. Na atakayeilipa njaa hiyo si wewe mjanja. Ni yule wa katikati, aliyekusikiliza. Ukishadanganya, sema mapema, daftari likiwa bado wazi.

Nikawaita wote uwanjani, nikaamuru: "Fungueni ghala. Hesabuni mbele ya binti huyu, hata kuku. Ng'ombe wa Makanya ni watatu, waandikwe watatu. Na wewe mkwe, vaa viatu. Mpeleke binti huyu kwa Namsifu, umwambie wifi yangu nimetaja ng'ombe wote."