Nyongeza ya Asmahani

Asmahani aliuza maharage sokoni Usagara kwa kopo ambalo halijawahi kuguswa na nyundo, na hilo ndilo lililokuwa likimuua kwa njaa. Wachuuzi wenzake walikuwa wameyagonga makopo yao kitako mpaka kikaingia ndani. Walichompunja mteja kwa kopo walimrudishia kidogo kwa mkono, wakakiita nyongeza, naye akaondoka anacheka. Asmahani akishampimia mtu haki yake, hakubakiwa na cha kumwongeza.

"Mkono wa birika wewe!" Bi Najat, mteja wake wa miaka, alimwambia mbele za watu, akahamia meza ya pili.

Maharage yakakaa mpaka yakabunguliwa. Wanawe wakawa wanashindia uji wa chumvi.

Asubuhi moja alijifungia jikoni, akalifunika kopo kwa khanga ili majirani wasisikie, akaligonga kitako kwa mchi. Aligonga huku machozi yanamtoka, anamlaani kila aliyewahi kumwomba nyongeza.

Siku hiyo sokoni Bi Najat akapita mezani pake.

"Shikamoo, Bi Najat. Karibu."

Asmahani akapima, kisha akachota kwa kiganja, akaongeza, akaongeza tena. Moyoni alimwomba Mungu mama huyu alipindue lile kopo, alione, amtukane.

Bi Najat hata hakulitazama. Uso ulimkunjuka, akawapigia wenzake kelele:

"Jamani, njooni huku! Asmahani leo kaingiwa na imani!"