Rashasha ya Royce na Pete ya Oleta

Kwa miaka thelathini na minane, Nedra Tackett alikuwa akitolewa sebuleni kwake mwenyewe kila mumewe alipotaka kufungua sefu. Sisemi alipigwa. Aliambiwa kwa upole akasimame barazani, naye akatoka, hata Januari theluji ikiwa imefunika ngazi, mama wa watu na kandambili zake anangoja mwanamume amalize kuipapasa bunduki. Mimi naona kinyaa hata kuisimulia, ila kwetu huku milimani Kentucky hakuna aliyeshangaa.

Bunduki yenyewe ilikuwa rashasha. Royce, fundi wa malori ya makaa ya mawe, aliinunua mwaka 1985 kwa dola mia nane zilizokuwa zimewekwa za jiko jipya. Mwaka uliofuata serikali ikafunga daftari: rashasha ambayo haijasajiliwa, raia wa kawaida asiwe nayo tena. Basi zilizosajiliwa zikabaki zile zile, wenye pesa wakazigombania, bei ikapaa. Kila Jumapili, maharage na mkate wa mahindi viko mezani, Royce alitangaza bei mpya kabla hata ya kushukuru chakula. Elfu tano. Elfu kumi na nane. Mwaka huu, thelathini na tano. Kuifyatua alishaacha zamani, asije akaichakaza. Kazi yake ilikuwa kuipaka mafuta, kuitazama na kuifungia.

Namba za sefu mkewe hakuambiwa. Royce alisema sheria inakataza, kwamba mke akijua namba tu, mbele ya hakimu ni sawa na kukutwa nayo mkononi. Miaka kumi jela. Nedra alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mtu ambaye hajawahi hata kutozwa faini ya kuegesha gari vibaya, kwa hiyo aliogopa kweli. Na nyumbani sefu ilikuwa hiyo hiyo moja. Hati zake na pete ya marehemu mama yake vilikaa humo humo na lile dubwana, na kila alipotaka kitu chake aliomba, akaenda barazani, akangoja.

Jumanne moja dada yake, Oleta, akafariki. Nedra alikuwa amemwahidi pale kitandani pa ugonjwa kwamba atamzika na pete ya mama yao. Mazishi yalipangwa Alhamisi saa nane mchana, na Royce yuko hospitali, amebadilishwa nyonga Jumatatu ya wiki hiyo hiyo. Nedra akampigia simu kuomba namba. Royce akakataa. Akamkumbusha habari za jela, tena kwa sauti ya kumhurumia. Nedra akasema basi ataita mtu wa kufuli atoboe mlango. Hapo mgonjwa akapata nguvu ghafla, akasema asithubutu, atamtuma mtu.

Alhamisi saa tano akaja Dwight Combs, rafiki yake Royce wa kule kwenye kulenga shabaha, kijiti cha meno mdomoni.

"Shemeji, niwie radhi. Itabidi utoke kidogo."

Nedra akatoka. Mazoea, jamani. Alikuwa ameshafika barazani na gauni lake la msiba ndipo akajiuliza Dwight amezipataje namba. Akageuka, akaingia. Sefu ilikuwa wazi. Akachukua pete, akaitia mfukoni, kisha akamuuliza Dwight kama yeye haogopi jela.

Dwight akacheka. Akaeleza kwamba miaka sita nyuma Royce alikwenda kwa wakili, wakaihamishia bunduki kwenye amana, yaani hati ya kuimiliki watu kadhaa kwa pamoja, akalipa ushuru wake wa dola mia mbili, na yeyote aliyeandikwa kuwa msimamizi wa ile amana anaruhusiwa kufungua. Wako watatu: Royce, yeye Dwight, na Curtis, mkwe wake Dwight wa kule Lexington. Huyo Curtis, Nedra alimwona mara mbili maishani.

"Mke haruhusiwi kuandikwa?"

"Kwa nini asiruhusiwe? Kwenye ya kwangu mke wangu Patsy yumo. Alama za vidole, picha, saini, basi." Halafu akamtazama usoni, akatoa kijiti mdomoni.

Oleta akazikwa na pete yake. Ilimlegea kidogo, alikuwa amekonda sana.

Kutoka makaburini Nedra alikwenda moja kwa moja hospitali. Royce hakuuliza mazishi yamekwendaje. Aliuliza kama Dwight alizungusha mpini wa sefu mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniandika?" Nedra akasema.

Royce akatazama dirishani. Hata aibu hakuona. "Ungeiuza. Nakujua, Nedra."

Na kweli Nedra angeiuza, ila hilo halikumpunguzia kinyaa.

Muuguzi akaingia na karatasi za kumruhusu Royce atoke. Alihitaji jina la atakayemwangalia mgonjwa nyumbani wiki sita: kumwogesha, kumvisha, kumpeleka chooni.

"Mke wangu," Royce akasema.

"Hapana," Nedra akamwambia muuguzi, na akamngojea ashike kalamu vizuri. "Andika Dwight Combs. Akishindwa, kuna Curtis, anakaa Lexington."