Talaka Tatu za Bustanini

Babu wa baba yangu aliachwa na mkewe mchana kweupe, na njia ya kumwacha alimfungulia yeye mwenyewe.

Aliitwa Shekhan, mtu wa Mkomani, Lamu. Mwaka 1912. Tunasimuliwa alikuwa mwanamume mwenye msimamo. Sawa.

Nyumba ya mawe aliyojidai nayo haikuwa yake. Kwetu baba humpa binti nyumba akiolewa, na mume huja na sanduku la nguo. Nyumba ilikuwa ya mkewe, Bi Umulkheir.

Bi Umulkheir alishamchoka. Aliomba talaka kwa heshima, akatuma shangazi zake. Shekhan akakataa. Angelala wapi?

Basi serikali ikapanda bustani mbele ya ngome. Miche michache na viti vya mbao. Mji mzima ukaenda kutazama, utadhani Lamu hatujawahi kuona majani.

Shekhan alienda kila alasiri. Mkewe alipouliza kama naye aweza kwenda, akamkaripia mbele ya shangazi zake:

"Siku utakayotia mguu bustanini, umeachika. Talaka tatu."

Moja ingetosha kutisha, lakini jamaa hakuwa bahili wa maneno.

"Nimesikia, Bwana," akajibu Bi Umulkheir. Shekhan akaona ameoa mke mtiifu.

Kesho yake alikuwa njiani, kwenye kile kichochoro cha zamani ambacho punda wawili hawapishani, shiraa likatokea. Hilo ni hema la kitambaa linalobebwa kwa miti, na bibi wa nasaba hutembea ndani yake asionekane. Mwanamume akikutana nalo hugeuza uso ukutani.

Kwa adabu hiyo Shekhan hakuwa na mpinzani. Alibandika pua kwenye chokaa mpaka ikawa nyeupe.

Halafu akaona haitoshi. Akatangulia mbele, macho chini, akifukuza watu kama askari.

"Pisheni ndia! Stara ya watu yapita!"

Akalisindikiza hivyo hadi bustanini. Akawainua wazee vitini.

Shiraa likasimama. Kitambaa kikainuka kidogo pale chini, mguu ukatoka, ukakanyaga majani, ukatulia.

"Bwana Shekhan," sauti ikasema taratibu kutoka ndani, "mguu huu waujua?"

Aliujua.

Kwa kadhi alisema alikuwa akitania. Kadhi akamwuliza kama alitaja tatu au hakutaja. Shangazi wakakohoa. Akakiri alitaja.

Ndugu zangu, kabla hujamwekea mkeo sharti la kuachika, hakikisha kwanza kwamba halitamani.

Hasara yake ni hii. Mke mmoja. Nyumba moja ya ghorofa. Baraza moja la mawe alilokuwa akikaa kutolea watu nasaha. Alitoka na sanduku lake, akaenda kulima simsim Kililana.

Sisi ni wa mke wa pili. Mkomani hatuna hata dirisha.